Mafua, Pua Iliyochubuka na Udhu wa Watoto Wetu



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), pamoja na aali zake na Maswahaba zake. Ama ba'ad:

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, leo hatukuja na mada ya mirathi wala ya nikaha. Tumekuja na mada ya pua. Huenda msomaji akacheka, akasema, "Maalimu naye leo amekosa la kuandika!" Basi tunaomba uvumilivu wenu, kwani jambo hili dogo lilikaribia kumtenga mtoto mmoja na sala yake, na sababu ya hilo tulikuwa sisi wenyewe, mwalimu wake.

Ilikuwa mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita. Wanaoishi hapa Bujumbura wanaijua Julai. Mvua imekatika tangu Mei, upepo unapita na vumbi, na hapa kwetu Ngagara ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Shule zimefungwa, kwa hiyo watoto wanakuja madrasa asubuhi na baada ya Alasiri. Mmoja akija na mafua, baada ya wiki nusu ya darasa wanavuta kamasi. Warundi wanayaita ibicurane, na katika msimu huo utalisikia neno hilo kila nyumba.

Alikuwapo kijana wa miaka tisa, mwenye adabu, ambaye kwa kawaida huwa wa kwanza kwenye maji. Tukaona ameanza kuchelewa. Anakaa hadi wenzake wamalize, kisha anatawadha haraka haraka, na akifika puani anagusa tu kwa kidole kilicholowa na kupita. Tulimwangalia siku ya kwanza, tukanyamaza. Siku ya pili tukamwita mbele ya wenzake. "Udhu gani huo? Pandisha maji puani, upenge, mara tatu!"

Akatii. Mara ya kwanza macho yakamjaa machozi. Mara ya pili akaishika pua yake, akainama. Mara ya tatu maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Watoto wakapiga kelele. Nasi, kwa kutojua, tukaongeza kosa la pili juu ya la kwanza: tukamwambia ainue kichwa juu aangalie dari. Damu ikashuka kooni, akaimeza, na punde si punde akatapika.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa akaja mama yake. Alitusalimu kwa heshima, akakaa, kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Maalimu, mtoto anasema hawezi tena kusali. Anasema udhu unamuuma."

Ndugu zangu, tungelimsikia akisema madrasa imemshinda, au kwamba mwalimu ni mkali, tungelijua la kujibu. Lakini mtoto alisema sala. Katika akili yake ya miaka tisa, sala na maumivu vilikuwa vimefungwa kamba moja, na aliyefunga fundo ni sisi.

TULIYOJIFUNZA NYUMBANI KWAO

Jioni ile tulikwenda kwao kuomba radhi. Tulimkuta amelala na mama yake mdogo, ambaye ni muuguzi, yuko pembeni. Mama mdogo akatuita karibu na taa. "Maalimu, mwangalie mwenyewe." Ngozi chini ya pua ilikuwa nyekundu na imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ndani ya tundu moja palikuwa na kigaga, na pembeni yake kidonda kibichi. Mtoto huyu alikuwa na pua ya namna hiyo kwa siku nne, na sisi tulimwona mvivu.

Mama mdogo alitueleza bila kutulaumu. Pua, alisema, kazi yake ni kuipasha moto hewa, kuilowanisha na kuisafisha kabla haijafika mapafuni. Ndani yake kuna utando laini wenye mishipa mingi midogo ya damu, hasa sehemu ya mbele ya ule ukuta unaogawa tundu mbili. Mafua yanapoingia, utando huo unavimba. Kamasi zinatiririka, mtoto anafuta, anafuta tena, kila mara kwa kitambaa kikavu, kwa karatasi ngumu au kwa mkono wa kanzu. Ngozi inachubuka. Usiku pua imeziba, anapumulia mdomo. Hewa ya kiangazi nayo ni kavu, kuna vumbi, na jikoni kuna moshi wa mbabura. Kamasi zinakauka zinakuwa kigaga, mtoto anakichokonoa, mshipa unapasuka, damu inatoka. Kesho yake kigaga kipya, na mambo yanaanza upya.

Kisha akatuambia lile la kichwa. Damu ya pua ikitoka, mtoto akae wima, ainame kidogo mbele, afungue mdomo apumue kwa huo, na mkubwa ambane pua sehemu ile laini, chini ya mfupa, kwa dakika kumi mfululizo bila kuachia kuchungulia. Hainui kichwa wala halali chali, kwa sababu damu itakwenda kooni na tumboni na itamtapisha. Tulikuwa tumefanya kinyume kabisa.

TULIYOYASAHAU KATIKA KITABU TUNACHOKIFUNDISHA

Usiku ule tulifungua Safinatun-Najaa, kitabu kidogo ambacho vizazi vya watoto wa Afrika Mashariki vimeanzia fiqhi yao kwacho, na ambacho sisi wenyewe tunakifundisha kila mwaka. Faradhi za udhu humo ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kupanga kwa utaratibu. Pua haimo. Tulikuwa tunawasomesha watoto hesabu hiyo hata wanaiimba, kisha tukienda kwenye maji tunamtesa mtoto mgonjwa kwa jambo lisilokuwa katika hesabu hiyo!

Kupandisha maji puani (istinshaaq) na kuyapenga (istinthaar) ni Sunna kubwa ya Mtume wetu (S.A.W.), na hatusemi iachwe ovyo. Kwa Mashafi na Wamaliki ni Sunna katika udhu na katika josho. Kwa Mahanafi ni Sunna katika udhu, lakini ni faradhi katika josho la janaba. Kwa Mahanbali ni wajibu katika vyote viwili. Sasa tazameni: hata kwa wanaosema ni wajibu, linalotakiwa ni maji yaingie puani. Kuyavuta kwa nguvu mpaka juu ni ziada, ni ukamilifu wa Sunna. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika hadithi ya Laqiit bin Sabira (Radhiya Allahu 'anhu) iliyopokewa na Abu Daud na At-Tirmidhiy, alipoamrisha kuyavuta maji kwa bidii, alimtoa katika amri hiyo mwenye kufunga. Yaani ndani ya amri yenyewe imo ruhusa ya mtu mwenye hali maalumu.

Tukakumbuka pia kisa anachokisimulia Jabir (Radhiya Allahu 'anhu), cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwakasirikia vikali wale waliotoa jawabu bila elimu, na akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kisa hiki tulikuwa tumekisimulia mara nyingi kwa watoto, kila mara tukiwalaumu wale wasafiri. Usiku ule tulijiona sisi ndio wao.

Basi kwa mtoto mwenye pua iliyochubuka sisi tunamwambia hivi: osha uso wako wote vizuri, na ndani ya pua ingiza tone dogo la maji kwa kidole safi, bila kuvuta. Hata hilo likiuma, liache mpaka upone, na udhu wako kwa madhehebu yetu ya Kishafi ni kamili. Huhitaji tayammamu kwa ajili ya pua. Aliye katika madhehebu mengine amuulize mwalimu wake, naye hatakosa wepesi, kwani Allah Ametueleza katika Suuratul-Baqara na Suuratul-Hajj kwamba hakututakia uzito katika dini.

NAMNA YA KUIHUDUMIA PUA HIYO

Haya ndiyo tuliyofundishwa na yule muuguzi, na tumeyafanya nyumbani kwetu kwa watoto wetu:

1. Maji ya chumvi. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja nzima, yaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa. Katika robo lita tia chumvi isiyofika nusu ya kijiko cha chai, ukoroge iyeyuke. Matone mawili matatu katika kila tundu, mara tatu au nne kwa siku, yanalainisha kigaga kikatoka chenyewe. Yakiuma, chumvi imezidi. Kila siku tengeneza mapya, ya jana yamwage.

Msiseme, "Maji ya bomba si yaleyale?" Katika mji wa Karachi, Pakistan, mwaka 2008 na 2009 madaktari waliandika habari za wagonjwa 13 waliokufa kwa mdudu mdogo sana, aina ya amiba, anayeishi katika maji ya vuguvugu na kuingia ubongoni kwa njia ya pua. Karibu wote hawakuwa wameogelea popote. Ilidhaniwa maji yaliwaingia katika udhu. Ugonjwa huo ni adimu mno, na hatuandiki haya ili mtu aogope kutawadha. Lakini maji tunayoyasukuma makusudi ndani ya pua yenye kidonda yawe yamechemshwa. Na katika udhu wa kila siku, kuvuta kwa upole kunatosha, hasa pale maji yamekaa siku nyingi kwenye bidoni.

2. Mafuta kidogo. Kwa kidole kilichooshwa, paka Vaseline kidogo sana ukingoni mwa tundu za pua na kwenye ngozi ya chini yake, asubuhi na kabla ya kulala. Ukingoni tu. Usijaze ndani, kwani mafuta yanayopakwa ndani sana kwa muda mrefu yanaweza kuteremka mapafuni. Na wenye kopo moja la nyumba nzima, tafadhali: kila mgonjwa atengewe chake.

3. Dawa kali za kuchua, zile zenye harufu ya kupanda kichwani, haziingizwi puani. Juu ya kidonda zinachoma, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili zinaweza kumbana pumzi. Kuhusu habbatu sauda, tunajua iko hadithi katika Sahihi ya Al-Bukhariy ya punje chache zilizosagwa na kudondoshwa puani kwa mgonjwa pamoja na mafuta. Tunaiamini na tunaiheshimu. Lakini kuamini ni jambo moja, na kumdondoshea mtoto mwenye kidonda mafuta ya chupa usiyoijua imetoka wapi ni jambo jingine. Muulizeni kwanza mjuzi wa tiba.

4. Kufuta. Tumia kitambaa laini cha pamba kilicholowa kidogo. Gusa na kunyonya kamasi, usisugue. Akipenga, apenge tundu moja moja, polepole. Na kucha zikatwe, nayo ni Sunna ya fitra inayosahaulika mpaka mtoto ajikwaruze.

5. Anywe maji, uji, supu, chai ya tangawizi iliyopoa. Asali inatuliza koo kwa mwenye kikohozi, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa. Mbabura ikae nje au karibu na dirisha, isiwe katika chumba anacholala mgonjwa. Mtoto mchanga anayenyonya, msafishe pua kwa tone la maji ya chumvi kabla ya kumpa titi, maana pua ikiziba hawezi kunyonya.

6. Matone ya dukani ya kuzibua pua yanasaidia siku chache tu. Yakizidi siku tano pua inaziba kuliko mwanzo, na mtu anabaki mtumwa wa kichupa. Wala msinunue antibiotiki kwa ajili ya mafua, kwani mafua ni ya virusi, na kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi.

WAKATI WA KWENDA KWA DAKTARI

Msikae nyumbani iwapo mtoto anapumua kwa shida, au damu ya pua haikatiki baada ya dakika ishirini za kubana, au vigaga vya rangi ya asali vinaenea usoni, au macho yanavimba. Kamasi zenye harufu mbaya zikitoka tundu moja tu, mara nyingi mtoto ameingiza kitu. Inaweza kuwa punje ya haragwe, au shanga ya tasbihi ya babu. Msijaribu kukitoa kwa kijiti.

Na homa, jamani. Hapa Bujumbura malaria haina msimu wa kupumzika. Mtoto akiwa na mafua na homa, msiseme "ni ibicurane tu". Mpelekeni kituo cha afya apimwe damu.

ADABU ZA MWENYE MAFUA

Dini yetu haikumsahau mwenye mafua. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Salama bin Al-Akwa' (Radhiya Allahu 'anhu) kwamba mtu mmoja alipiga chafya mbele ya Mtume (S.A.W.), akamwombea rehema. Alipopiga tena, Mtume (S.A.W.) akasema kuwa mtu huyo ana mafua. Tazama jicho la huruma lilivyokuwa! Alisikia chafya ya pili tu, akatambua kuna ugonjwa. Sisi tulimwona mtoto siku mbili mfululizo akiikwepa pua yake, tukatambua utovu wa adabu.

Na Mtume (S.A.W.) akipiga chafya alikuwa akifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo, na kuipunguza sauti. Wafundisheni watoto hivyo, na baada yake waoshe mikono kwa sabuni. Mwaka 2020, wakati wa korona, sote tuliisikia kampeni ya sabuni ya bluu hapa Burundi. Isiwe mazoea mema yameondoka pamoja na hofu ile. Mwenye mafua makali naye abaki nyumbani siku mbili tatu. Anayekosa darasa kwa kuwahurumia wenzake, sisi hatumwandikii kosa.

Katika Ramadhani, mwenye matone au maji ya chumvi ayatumie baada ya futari na kabla ya daku, kwa sababu yakifika kooni wanazuoni wengi wanaona yanaharibu swaumu. Mafuta ya kupaka ukingoni mwa pua hayana neno.

TULIVYOMALIZA NA KIJANA WETU

Jioni ile, kabla ya kuondoka kwao, tulikaa kwenye mkeka karibu naye tukamwambia: "Mwanangu, sisi tumekosea. Udhu wako wa kidole ulikuwa sahihi. Tusamehe." Alitutazama kwa muda. Hakuwa amewahi kusikia mwalimu akisema amekosea, na kusema kweli sisi pia hatukuwa tumezoea kusema hivyo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, Maalimu, zile sala za siku mbili nizilipe?" Tukamwambia hajabaleghe, hana deni, lakini akipenda azisali ili moyo wake utulie. Akamwomba mama yake maji, na akatawadha hapohapo mbele yetu kwa birika. Alipofika puani alisita, akatuangalia. Tukamwashiria apite tu.

Wiki iliyofuata alirudi darasani. Haikuwa kama zamani mara moja. Kwa muda mrefu alikuwa akitutupia jicho kila anapofika puani, na kila mara lilituuma. Tangu hapo, kila mwanzo wa kiangazi tunawapanga watoto na kuwauliza: nani ana pua inayouma, nani ana kidonda mguuni, nani maji baridi yanamsumbua kifua? Kila mmoja tunamwambia udhu wake utakuwaje. Haichukui hata robo saa.

Enyi wazazi na walimu wenzetu, mwili wa mtoto ni amana kama ilivyo dini yake. Tukimwona mtoto anakwepa ibada, tumwulize kwanza anaumwa wapi, kabla ya kumwuliza kwa nini.

Tunamwomba Allah Awaponye wagonjwa wetu, Awahifadhi watoto wetu, na Atusamehe sisi tulioharakisha kukemea kabla ya kuuliza. Aamiin.

Wa billahi tawfiiq.